Boksi la Sh 30,000 la kuoteshea sakulenti: neti safi, udongo wa kumwaga

Kwa wauza maua wa kando ya barabara hapa Dodoma mjini, katikati ya miche ya bogenvilia na mikorosho, siku hizi kuna boksi la kaki lenye picha ya sakulenti, ile mimea ya majani manene yanayotunza maji, za rangi rangi. Linauzwa Sh 30,000. Ndani mna trei nyeusi ya plastiki ya sentimita 30 kwa 20, mfuko wa udongo wa lita 5, kichupa cha unga wa kuchochea mizizi, chupa ya kunyunyizia ya nusu lita, kipande cha neti ya kivuli cha mita moja kwa moja, majani 12 yaliyofungwa kwenye gazeti, na karatasi ya maelekezo. Muuzaji hatumtaji. Maboksi haya yako kwenye vibanda zaidi ya kimoja na yanafanana kama mapacha, kwa hiyo kosa si la mtu mmoja.

Tuseme mapema: neti ni nzuri, chupa itakufaa kwa kazi nyingine, trei inarekebishika kwa msumari wa moto. Majani ni bahati nasibu. Udongo ndio unaoua, na karatasi ya maelekezo inausaidia kuua.

Tuanze na huo udongo. Chukua konzi moja, uloweshe, uufinye. Ukifungua mkono unakuta alama za vidole zimebaki kama kwenye tonge la ugali. Liache tonge hilo juani siku mbili: linakuwa kibonge kigumu chenye nyufa. Huu ni udongo wa mbugani, ule mweusi unaopasuka kiangazi, uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Kwa mchicha hauna ubaya wowote. Kwa jani la sakulenti ni kaburi, na sababu zake ni mbili. Kwanza, chembe zake ni ndogo mno, kwa hiyo maji yanajaa kwenye matundu yote na hewa inakosa pa kupita. Mzizi mchanga usiopata hewa unaoza hata kabla ya kufikisha sentimita moja. Pili, udongo ukikauka unanywea na kupasuka, na ile mizizi ya wiki tatu, myembamba kama uzi wa kushonea, inakatika kwenye ufa. Samadi nayo haijaiva. Ukifungua mfuko unasikia harufu ya kwato, dalili kwamba amonia bado imo, na ndani ya siku chache vijinzi vyeusi vinaanza kuruka juu ya trei.

Kuna kipimo rahisi cha kujua udongo wowote wa dukani. Jaza chungu cha upana wa sentimita 10 chenye tundu chini, mwagia kikombe kimoja cha maji, mililita 250 hivi. Unaofaa sakulenti unayameza maji ndani ya sekunde tano na kuanza kudondosha chini kabla hujahesabu thelathini. Wa kwenye boksi ulitengeneza kidimbwi juu, kikakaa dakika nzima.

Mbadala uko mlangoni. Dodoma ni mji unaojengwa kila kona, na mabaki ya matofali ya kuchoma hayakosekani. Yawe ya kuchoma lakini, si vipande vya tofali za saruji, maana saruji ina chokaa inayoufanya udongo uwe mkali. Tia vipande kwenye kiroba kizito, funga mdomo, ponda kwa nyundo kiroba kikiwa kimefungwa, na ufunge kitambaa puani kwa sababu vumbi lake si zuri kwa mapafu. Chekecha mara mbili: kwanza kwa wavu wa fundi wa kuchekechea mchanga, kuondoa mapande makubwa, kisha kwa chekeche la jikoni lililochakaa, kuondoa unga. Unachotaka ni punje za milimita 3 hadi 6, ukubwa wa punje ya mtama hadi punje ndogo ya mahindi. Tofali la kuchoma lina vitundu ndani yake, kwa hiyo linashika unyevu kidogo na wakati huohuo linaacha hewa kati ya punje na punje. Ndiyo maana linashinda kokoto, ambayo haishiki kitu.

Ongeza mchanga mnene wa korongoni. Ule mlaini wa plasta unarudisha tatizo lilelile la chembe ndogo. Uoshe kwenye ndoo, umwage maji machafu, urudie mara tatu au nne mpaka maji yatoke meupe. Kiungo cha tatu ni mboji iliyoiva vizuri, nyeusi, isiyo na harufu. Usipoipata, maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa, yaliyochomwa yakawa meusi bila kufikia majivu, yanakaa vizuri mahali pake. Kwa kuanzishia majani changanya tofali vipimo viwili, mchanga kimoja, mboji nusu. Kwa mche ulioshika mizizi, tofali viwili, mchanga kimoja, mboji kimoja. Lita 4 zinatosha trei ya boksi hili ikijazwa kina cha sentimita 5.

Trei yenyewe haina tundu hata moja, jambo la ajabu kwa kitu kinachouzwa kwa kazi hii. Pasha msumari wa inchi nne, toboa matundu 12 hadi 15 yaliyosambaa, ukiwa nje kwa sababu ya moshi. Wapo wanaopendekeza trei za mayai za karatasi badala yake. Hapana. Zinanyonya maji, zinaota ukungu, na ukitaka kuhamisha miche unakuta mizizi imeshikana na karatasi.

Sasa majani. Maboksi mawili yaliyofunguliwa yalikuwa na mpangilio mmoja: majani tisa ya echeveria na ya graptopetalum (sakulenti ndogo ambazo majani yake hupangika kama waridi), mawili ya shubiri, na kipande kimoja cha sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye kingo za njano.

Majani ya shubiri ni pesa iliyotupwa. Jani la shubiri halitoi mche, hata ulibembeleze vipi. Lina utomvu mwingi na halina chipukizi kwenye kitako, kwa hiyo linakaa wiki mbili likionekana zima kisha linageuka uji. Shubiri huzalishwa kwa vichipukizi vinavyotoka ubavuni mwa mmea mama, ukivitoa vikiwa na urefu wa kidole na mizizi yao miwili mitatu. Mkonge nao hauoteshwi kwa jani. Ulivyoingia nchini mwaka 1893, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, na mashamba yetu ya katani yalianzia kwenye hivyo 62. Muuza maua anayeweka jani la shubiri kwenye boksi ama hajui, ama anajaza idadi.

Kipande cha sansevieria kinaota, ila kuna mambo mawili ambayo karatasi haisemi. Kina juu na chini: upande uliokuwa karibu na mzizi ndio unaoingia kwenye udongo, na ukikigeuza hakitoi mizizi kamwe. Kwa kuwa kipande cha katikati ya jani kinafanana pande zote, anayekata mwenyewe akate upande wa chini kwa umbo la V, asichanganye. La pili litawaudhi wengi. Zile kingo za njano hazitarudi. Mche unaotokana na kipande cha jani unatoka wa kijani mtupu, kwa sababu njano hiyo imo kwenye tabaka moja tu la chembe za jani na chipukizi jipya halilibebi. Anayetaka njano agawanye shina la chini pamoja na mizizi yake. Subira pia inahitajika: miezi miwili kwa mizizi, na mingine miwili au zaidi kwa chipukizi.

Hayo tisa yaliyobaki ndiyo yenye thamani, lakini yakague moja moja. Liinue jani, ulitazame pale lilipobanduka kwenye shina. Jani zima lina kitako cheupe, laini, kilichopinda kama hilali. Kwenye hiyo hilali ndimo mlimo na jicho la mche mpya. Jani lililochanika likaacha kitako chake kwenye shina linaweza kutoa mizizi mingi ya waridi, ikapendeza machoni, likakaa hivyo hata miezi minne bila kuchipua. Hilo ni jani kipofu. Kwenye boksi moja, majani manne kati ya tisa yalikuwa ya namna hiyo, na mengine yalikatwa kwa kisu, alama imenyooka kabisa.

Ukibandua mwenyewe nyumbani, mwagilia mama siku mbili tatu kabla ili majani yashibe. Chagua ya chini, yaliyokomaa lakini bado magumu. Shika jani karibu na shina, lisukume kushoto na kulia polepole, mpaka ulisikie linabanduka kwa mlio mdogo. Usivute kwa juu, na kisu kiache jikoni.

Kisha likauke. Kwa Juni na Julai, hewa ya Dodoma ikiwa kavu, siku mbili hadi tatu kivulini zinatosha kidonda kuota gamba. Januari na Februari, mvua ikiwa inanyesha, toa siku tano au wiki. Pingili nene, kwa mfano za krasula ile inayoitwa mti wa pesa, zikatwe sentimita 8 hadi 10 na zikauke wiki nzima. Kwa mnyaa na jamaa zake wote wenye maziwa, vaa glavu, chovya kidonda kwenye maji ya uvuguvugu mpaka maziwa yakome, na usijiguse macho. Maziwa yale yakiingia jichoni ni safari ya hospitali.

Karatasi ya maelekezo inasema: fukia jani nusu, nyunyizia asubuhi na jioni. Na mdomoni mwa muuzaji ni hivyohivyo. "Mwagia tu kila siku dada, maua yanapenda maji." Mchicha ndio unaopenda. Jani la sakulenti limebeba maji yake yote tumboni, na ndiyo maana linaweza kuzaa bila mizizi. Ukilifukia, kitako kinaoza. Ukilinyunyizia kila siku, gamba la kidonda halifungi na ukungu unapata mlango.

Lilaze juu ya mchanganyiko mkavu, kitako kikigusa udongo au kikielea milimita chache. Usimwage chochote. Wiki ya pili au ya tatu utaona nyuzi za waridi au nyeupe zinatoka. Hapo ndipo maji yanaanza: tonesha au nyunyizia kwenye udongo chini ya hizo nyuzi, si juu ya jani, kila baada ya siku tatu au nne. Nyunyiza punje chache za mchanga juu ya mizizi iliyo wazi, maana upepo wetu unaikausha kwa saa chache. Mche ukifikia upana wa sentimita moja na nusu, anza kumwagilia kwa kushibisha trei nzima, kisha ngoja ikauke kabisa. Jani mama usilibandue. Mche bado unanyonya kwake, na litaachia lenyewe likishakunjamana kama zabibu kavu.

Hapa kuna jambo la Dodoma ambalo maelekezo ya ugenini hayalijui. Kwa nchi zenye unyevu tatizo ni kuoza. Kwetu, kati ya Juni na Oktoba, jani dogo la sentimita mbili linaweza kukauka kwa upepo kabla halijatoa mzizi. Usiweke trei kwenye baraza lililo wazi upande wa mashariki. Iweke upenuni, nyuma ya tofali mbili zilizosimamishwa, na chagua majani makubwa. Yale madogo ya sedamu ya mkia wa punda yaachie Aprili au Mei, hewa ikiwa bado na unyevu wa mvua zilizokwisha. Mei ndio mwezi bora wa kuanza kwa ujumla. Nafasi ya pili ni katikati ya Agosti mpaka kabla ya mvua za Desemba. Julai usiku baridi inashuka hadi nyuzi 13 au 14, na kila kitu kinakwenda taratibu bila kufa.

Maji ya bomba ya mji huu yanatoka ardhini, na sufuria ya chai ya nyumba yoyote inaonyesha ukoko mweupe uliomo. Kwenye sakulenti ukoko huo unajitokeza kama madoa kwenye majani yaliyonyunyiziwa na kama unga mweupe kwenye ukingo wa chungu. Ukiweza, kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, uyaache ya mvua ya kwanza yaoshe vumbi, uhifadhi kwenye madumu yenye kifuniko mahali pasipo na jua. Madumu matatu ya lita 20 yanatosha trei kadhaa kiangazi chote. Huna ya mvua? Tumia ya bomba, ila kila umwagiliaji wa nne mwaga mengi mpaka yatiririke chini, yaondoke na chumvi. Kuchemsha hakusaidii kama watu wanavyodhani: chokaa kiasi inatuama, chumvi inabaki na maji yanapungua, kwa hiyo inakolea.

Kichupa cha unga wa mizizi hakina jina la dawa, hakina asilimia, hakina tarehe ya mwisho. Unga wa kweli wa namna hii huwa na homoni ya mizizi, mara nyingi IBA, na asilimia yake huandikwa, kama 0.1 au 0.3. Tena homoni hiyo inaharibika kwa joto na mwanga, na boksi hili linashinda juani kwenye kibanda. Hata ungekuwa halisi, echeveria na wenzake hawauhitaji. Wakulima wa zabibu wa hapa wanachomeka pingili za macho matatu au manne bila unga wowote na zinashika, nazo ni ngumu kuliko jani hili laini. Mdalasini wa kusaga una kazi yake, lakini mahali pengine: kupakwa juu ya kidonda baada ya kukata sehemu iliyooza. Usiupake upande unaotaka utoe mizizi, maana unaukausha.

Neti sasa, na hapa muuzaji anastahili sifa. Imeshonwa vizuri na inakata mwanga kiasi kinachofaa. Namna ya kupima: saa sita mchana, shikilia kiganja sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe chini ya neti. Kivuli cha mkono kikiwa na ukingo hafifu unaoonekana, mwanga unafaa. Kikiwa kikali kama cha nje, ongeza tabaka. Kisipoonekana kabisa ni giza, na miche itarefuka shingo ikitafuta jua. Itundike sentimita 40 juu ya trei. Neti nyeusi iliyolazwa juu ya majani inapata moto na kuyababua. Uwe mwangalifu zaidi mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana linapopita utosini kabisa mwa Dodoma. Oktoba ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mawingu hakuna. Chini ya bati lisilo na dari usiweke kabisa.

Jambo moja la mwisho kuhusu lile gazeti. Kunjua majani nje ya nyumba, tazama kwenye kona za kitako na ndani ya mikunjo ya karatasi. Vidung'ata vyeupe kama pamba vilikuwamo kwenye boksi moja. Chovya pamba ya masikioni kwenye spiriti ya asilimia 70, ugusishe kila kimoja, na uiweke trei hiyo mbali na mimea mingine siku 14, ukikagua kila siku tatu. Ukiona sisimizi wanapanda trei, usishughulike nao tu. Wanafuata utamu wa vidung'ata, kwa hiyo tafuta vilipo. Na funika kwa wavu wa kuku kama una kuku. Jani la graptopetalum kwao ni kama punje.

Neti inauzwa pia kwa mita kwenye maduka ya pembejeo, kwa hiyo huhitaji boksi ili uipate. Lakini ukiuliza vizuri, wapo wauza maua wanaokubali kufungua: neti, trei na majani tisa, bila udongo, bila unga, bila shubiri, kwa Sh 18,000. Kabla ya kulipa, geuza kila jani na utazame kitako.